Kesi inayokawia: namna ya kupatana juu ya haki iliyocheleweshwa



Mwaka 2021 mama mmoja mjane aliingia ofisini kwetu, katika teritware moja ya mkoa wa Tanganyika, akibeba mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko mlikuwa karatasi za mwito wa tribunali. Alizipanga juu ya meza moja moja, kama mtu anayepanga samaki sokoni, halafu akaniambia: « Mwanangu, hesabu mwenyewe. » Nilihesabu 19. Ya kwanza ilikuwa ya mwaka 2015. Kila karatasi ilikuwa siku moja aliyotembea kilomita 34 kwenda, akalala kwa watu, akaambiwa kwamba kesi imeahirishwa, akarudi.

Kesi yenyewe ilikuwa ya shamba. Mume wake alipokufa, shemeji yake alisema shamba ni la ukoo, yeye akasema walilinunua pamoja na marehemu na mashahidi wapo. Kesi za namna hiyo ni nyingi kwetu, na hakimu mwenye bidii angeweza kuimaliza katika miezi michache. Lakini miaka ilipita, wajukuu wakakua, na vijana wa pande mbili wakaanza kulinda shamba usiku. Mwezi mmoja kabla mama huyo hajafika kwetu, nyumba moja ilikuwa imechomwa moto. Hakuna aliyekufa, lakini kijana mmoja alikatwa panga mkononi.

Ndiyo maana tunaandika juu ya jambo hili katika jarida la amani. Watu wengi wanadhani kwamba ucheleweshaji wa kesi ni taabu ya mtu mmoja na karatasi zake. Sisi tunaofanya kazi vijijini tunaona namna nyingine: pale ambapo tribunali haisemi neno, panga linasema. Na tena wengi hawajui kwamba ucheleweshaji wenyewe, hata kabla ya kujua nani ana haki juu ya shamba, ni uvunjaji wa haki za binadamu, na kwamba mtu anaweza kuushitaki, na kwamba mashitaki hayo yanaweza kumalizwa kwa mapatano.

Sheria inasema nini

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 19, inasema kwamba kila mtu ana haki ya kesi yake kusikilizwa na hakimu anayestahili katika muda unaofaa. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu, ambao nchi yetu iliutia sahihi ya kudumu mwaka 1987 ilipokuwa bado inaitwa Zaire, unasema vilevile katika kifungu cha 7. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za raia na za kisiasa, ambao Zaire iliuingia mwaka 1976, unasema katika kifungu cha 14 kwamba mshitakiwa ahukumiwe bila kukawizwa kupita kiasi.

« Muda unaofaa » ni muda gani? Hapo ndipo watu wanakasirika, kwa sababu mikataba haitaji namba. Kesi ya kuku mmoja na kesi ya mauaji ya kijiji haziwezi kuwa na muda mmoja. Mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya, iliyoko Strasbourg, imezoea kuuliza maswali matatu, na Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha inayauliza pia. Je, kesi yenyewe ni ngumu? Je, mlalamikaji mwenyewe alifanya nini, alihudhuria au alikuwa anaomba kuahirisha? Na wakubwa wa haki walifanya nini, walifuatilia au waliacha dosie ilale? Pamoja na hayo wanaangalia pia kitu ambacho mtu anaweza kukipoteza kwa kungoja. Mtu aliye gerezani, mtoto anayegombaniwa na wazazi, mgonjwa anayengoja malipo, hao hawawezi kuambiwa wangoje kama mfanyabiashara anayedai deni.

Kwa mfano, mwaka 2016 Mahakama ya Arusha iliamua kesi ya Wakenya 10 waliokamatwa Msumbiji na kupelekwa Tanzania. Iliona kwamba Tanzania ilivunja haki yao kwa sababu mashitaki yao yalikaa karibu miaka miwili bila kusonga, na serikali haikueleza sababu inayotosha. Miaka mingi kabla ya hapo, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, yenye makao yake Banjul huko Gambia, ilisema neno la namna hiyo juu ya hakimu mmoja wa Cameroun: miaka miwili bila kusikilizwa na bila hata tarehe ni kuvunja kifungu cha 7.

Kwa mtu aliyefungwa kabla ya hukumu, sheria ya Congo haikuacha mambo hewani. Inataja siku. Polisi hawawezi kumshika mtu zaidi ya saa 48 bila kumfikisha mbele ya mwenye mamlaka. Mandati ya kwanza ya parke ni ya siku 5 katika miji yenye hakimu. Hakimu akikubali kifungo cha kungoja, ni siku 15, halafu kinaweza kuongezwa mwezi kwa mwezi. Kwa makosa yenye adhabu ya miezi 6 au zaidi, hakiwezi kuongezwa zaidi ya mara tatu mfululizo. Baada ya hapo lazima jaji aamue katika kikao cha wazi. Kwa makosa madogo kinaongezwa mara moja tu. Kila anayetembelea gereza zetu anajua umbali uliopo kati ya maneno hayo na hali halisi. Makala, gereza kubwa la Kinshasa, lilijengwa kwa watu 1.500 na lilikuwa na karibu mara kumi ya hao, wengi wao bila hukumu, wakati watu 129, kwa hesabu ya serikali, walipokufa humo tarehe 2 Septemba 2024 katika jaribio la kutoroka.

Kwa nini kesi zinalala

Turudi kwa karatasi 19 za mama yetu. Nilikaa naye mchana mzima tukiandika sababu ya kila kuahirishwa. Mara 7 hakimu hakuwepo: alihamishwa na mwingine hajafika, au alikuwa safarini, au kesi ilihitaji majaji 3 na walikuwepo 2. Mara 5 shemeji hakuhudhuria. Mara 2 dosie haikuonekana. Mara 2 ni avoka walioomba muda. Mara 3 hakuna aliyemwambia sababu.

Nilifurahi kufanya hesabu hiyo kwa sababu ilinifundisha kitu. Nilikuwa tayari kuandika barua kali kwamba hakimu ni mla rushwa. Hesabu haikuonyesha hivyo. Ilionyesha tribunali isiyo na watu wa kutosha, isiyo na pikipiki, yenye kalani anayetunza dosie katika kabati iliyovunjika kufuli. Na ilionyesha upande mmoja uliojua kwamba kila kuahirishwa ni faida kwake, kwa sababu ndiye aliyekuwa akilima. Tena, moja katika zile avoka 2 alikuwa avoka wa mama mwenyewe. Alishangaa sana nilipomwonyesha. Ni vizuri kujua hilo mapema, kwa sababu mtu wa upande wa pili atalisema wa kwanza.

Sisemi kwamba rushwa haipo. Ipo, na wasomaji wa jarida hili hawahitaji nami niwaeleze. Ninasema tu kwamba mashitaki juu ya ucheleweshaji hayahitaji kuonyesha moyo mbaya wa mtu. Serikali ndiyo yenye deni la kupanga tribunali zake ili zihukumu kwa wakati. Kukosa majaji, kukosa mafuta, kukosa karatasi, hizo si sababu zinazoiondolea serikali deni hilo. Vita ni jambo jingine: tangu Goma na Bukavu zilipochukuliwa na M23, Januari na Februari 2025, tribunali za serikali huko ziliacha kufanya kazi, na watu wenye kesi walibaki hawajui dosie zao zilikwenda wapi. Kwa hao, ushauri wa kwanza ni kutunza nakala ya kila karatasi mbali na nyumbani.

Hatua kabla ya mashitaki

Mtu hawezi kuamka asubuhi na kuandikia Banjul. Tume ya Afrika, katika kifungu cha 56 cha Mkataba, inataka mlalamikaji awe amemaliza kwanza njia za nchi yake. Lakini kifungu hicho kinaongeza neno la maana sana kwetu: isipokuwa ikionekana wazi kwamba njia hizo zinakawizwa kupita kiasi. Kwa hiyo ucheleweshaji ni mashitaki, na tena ni ufunguo wa kufungulia mlango wa mashitaki. Katika kesi nyingine ya Cameroun, Tume ilikubali kumsikiliza mtu ambaye kesi yake nchini ilikuwa imekaa miaka 12.

Sisi tunawashauri watu hivi. Andika barua kwa mkubwa wa tribunali, ukitaja namba ya dosie na tarehe zote za kuahirishwa, na uombe tarehe. Barua ipigwe muhuri ya kupokelewa juu ya nakala yako. Bila muhuri hujaandika kitu. Ikiwa hakuna jibu, nakala iende kwa mkubwa wa Mahakama ya Rufaa, na kwa ukaguzi wa mambo ya haki. Mara nyingi barua ya pili inatosha. Hakimu ambaye mkubwa wake amemuuliza juu ya dosie fulani ataitafuta dosie hiyo.

Kama kesi iko tayari kuhukumiwa na hakimu anakataa au anaiacha tu, sheria inaita jambo hilo kunyima haki. Linahakikishwa kwa maonyo mawili yanayopelekwa kwa hakimu kwa mkono wa wisie wa tribunali, na kati ya onyo la kwanza na la pili zipite siku 8 au zaidi. Baada ya hapo mtu anaweza kumshitaki hakimu mwenyewe, kwa njia ambayo maavoka wanaiita prise à partie, mbele ya Mahakama ya Kasasioni huko Kinshasa. Ninawaambia ukweli: kwa mwanakijiji wa Tanganyika njia hiyo ni ndefu na ya gharama, inahitaji avoka wa mahakama hiyo ya juu. Lakini onyo la kwanza peke yake lina nguvu. Nimeona wisie anatetemeka akilipeleka, na hukumu inatoka kabla ya siku ya nane.

Mapatano ni nini, na si nini

Tuseme hatua hizo zimeshindwa na mtu amepeleka mashitaki kwa chombo cha haki za binadamu. Ndani ya nchi kuna Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, na katika kazi zake sheria imeandika kumaliza mambo fulani kwa njia ya upatanisho. Nje ya nchi kuna Banjul, na kuna Kamati ya Umoja wa Mataifa huko Geneva. Tume ya Afrika inaweza kuwasaidia mlalamikaji na serikali wapatane kabla ya kuamua. Vivyo hivyo Strasbourg, ambako mashitaki mengi sana juu ya kesi zilizokawia yamemalizika hivyo: serikali inatoa kiasi cha pesa, mlalamikaji anakubali, mahakama inafuta dosie kwenye orodha. Italia ilishitakiwa mara nyingi hata ikatunga sheria, mwezi Machi 2001, ya kuwaruhusu raia wake kudai malipo ya ucheleweshaji mbele ya majaji wa nyumbani. Kama tungekuwa na sheria ya namna hiyo, mama yetu asingehitaji sisi.

Hapa inafaa nisimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo kutoelewana kunaanza. Mapatano juu ya ucheleweshaji si mapatano juu ya shamba. Ni mambo mawili yenye wahusika tofauti. Katika kesi ya shamba, mama yuko mbele ya shemeji. Katika mashitaki ya ucheleweshaji, mama yuko mbele ya serikali. Chombo cha haki za binadamu hakiwezi kumpa shamba, wala hakiwezi kumwambia jaji ahukumu nini; katiba, katika kifungu cha 151, inakataza serikali kumwamuru jaji. Kinachoweza kuombwa ni tarehe, na malipo ya hasara, na neno la kukiri kosa. Mama alipoelezwa hayo alinyamaza kwa muda. Kisha akasema: « Basi mnanisaidia kusubiri vizuri. » Sikuwa na jibu zuri.

Pia mapatano yanaweza kudanganya. Nchini Zambia, jirani zetu, mtu mmoja alikuwa gerezani bila hukumu tangu Februari 1986. Akaandikia Tume ya Afrika ilipokuwa bado changa. Tume ikafuatilia, serikali ikajibu kwamba ameachiliwa Novemba 1988, na mwaka 1990 Tume ikaandika kwamba jambo limekwisha kwa amani. Vema, lakini hatusomi popote nani alilipa ile miaka karibu mitatu. Kule Botswana, katika shauri namba 97/93, mtu aliyenyimwa uraia na ambaye kesi zake zilikuwa zimezungushwa miaka 16 hivi alipewa na serikali uraia wa kuandikishwa. Ilionekana kama mapatano. Yeye akakataa, akisema anadai uraia wa kuzaliwa, si zawadi, maana ule wa kuandikishwa haukumpa haki zote. Tume ikafungua tena jambo lake, na mwaka 2000 ikampa haki.

Kuna mifano inayotia moyo pia. Nchini Malawi, mashitaki juu ya katiba iliyomhesabu mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 16 yalimalizika kwa mapatano mwaka 2016 mbele ya Kamati ya Afrika ya haki za watoto, na mwaka 2017 katiba ikabadilishwa kuwa miaka 18. Mlalamikaji angengoja hukumu, pengine asingepata zaidi ya hapo.

Ukikataa mapatano, ujue pia muda wa kungoja. Wasomaji wa Katanga wanakumbuka Kilwa, kando ya ziwa Mweru, ambako zaidi ya watu 70 waliuawa Oktoba 2004. Mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachilia washitakiwa juu ya mambo ya Kilwa mwaka 2007. Mashirika yalipeleka mashitaki Banjul mwaka 2010, na Tume ikaamua mwaka 2016: serikali iwalipe waathirika 8 na jamaa zao dola milioni 2 na nusu, iombe msamaha, na wahusika wafuatiliwe. Ni uamuzi mkubwa. Lakini ulichukua karibu miaka sita, na chombo kinacholinda haki ya kuhukumiwa mapema chenyewe si chepesi.

Yasiyopatanishwa

Neno hili ninaliandika kwa herufi nzito moyoni mwangu, kwa kuwa tunaombwa kila wiki. Kesi ya ubakaji haimalizwi kwa mbuzi wala kwa ndoa. Sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006 ziko wazi: faini ya kumaliza kesi haikubaliwi kwa makosa ya kijinsia, uchunguzi wa kwanza usizidi mwezi 1, na hukumu itoke katika miezi 3 tangu wakubwa wa haki walipopelekewa jambo. Kama miezi hiyo imepita, mashitaki juu ya ucheleweshaji yanaweza kufanywa, na serikali inaweza kuahidi tarehe na malipo. Lakini hakuna mapatano yanayoweza kuifuta kesi yenyewe. Wazee wa barza wanaotuambia kwamba « parke inachelewa, tuyamalize sisi » wanasema kweli juu ya parke, na wanakosea juu ya dawa yake.

Namna tulivyokaa mezani

Kwa mama yetu, baada ya barua mbili bila jibu na onyo moja, tulipeleka mashitaki kwa ofisi ya haki za binadamu mwanzoni mwa mwaka 2022. Tuliomba upatanisho. Siku ya mkutano walikuja mjumbe wa wakubwa wa haki, kalani, mama, mtoto wake wa kwanza, na mimi. Shemeji hakuitwa, kwa sababu hakuwa mshitakiwa. Tulimwandikia tu ili asiseme kwamba kuna jambo la siri.

Tulikuwa tumejitayarisha kwa njia hii: karatasi moja tu yenye tarehe 19 na sababu zake, pamoja na ile ya avoka wetu. Hatukuandika neno « rushwa ». Nafikiri ilisaidia. Mjumbe alifika na uso mkali, akasoma karatasi, akamuuliza kalani juu ya kabati. Kalani akasema kwamba ameomba kufuli mara tatu. Wote tukacheka kidogo, na mama pia.

Kuhusu pesa tulishindana. Mama alikuwa ametumia nauli, chakula na malazi kwa miaka sita; tulihesabu dola 410, bila kuhesabu siku za kilimo zilizopotea. Mjumbe alisema wazi kwamba hana bajeti ya kulipa hata dola 1, na kwamba akiahidi atakuwa anadanganya. Baadhi ya wenzangu wanasema nilikosea kukubali. Labda. Nilimwuliza mama kando, si mbele ya watu, maana mbele ya mkubwa mtu anasema ndiyo kwa kila kitu. Alisema anataka mambo matatu: tarehe, jaji aje aone shamba kwa macho yake, na mtu mmoja aseme kwamba tribunali ilimkosea.

Mapatano yaliandikwa kwa Kifaransa na kusomwa kwa Kiswahili mara mbili. Tribunali ingesikiliza kesi katika siku 45, katika kikao cha kutembea, karibu na kijiji. Gharama za kwenda kupima shamba hazingedaiwa kwa mama. Hukumu ingetolewa katika miezi 3 baada ya kikao cha mwisho. Upande usiofika bila sababu ungehukumiwa bila kuwepo, kama sheria inavyoruhusu. Wakubwa walikiri, kwa maandishi, kwamba muda wa miaka sita haukufaa. Na mwisho, jambo tulilong'ang'ania: tarehe zikipita, mashitaki yanafunguliwa tena pale pale bila kuanza upya. Mtu asikubali kuondoa mashitaki kabla ahadi haijatimizwa. Yafungiwe tu, ufunguo ubaki kwa mlalamikaji.

Hatukuondoka salama moja kwa moja. Siku ya 45 ilipita bila kikao. Nilipiga simu, nikaambiwa pikipiki imeharibika. Siku ya 58 jaji alifika, juu ya pikipiki ya parokia. Wakati wote huo kazi yetu kubwa haikuwa karatasi. Ilikuwa kukaa na vijana wa pande mbili, kila Jumapili jioni, kuwaambia ni hatua gani imefikiwa. Nilijifunza kwamba mtu anayejua tarehe anaweza kungoja. Asiyejua tarehe ndiye anayenoa panga. Vijana hao walikuja wenyewe kusikiliza jaji akiwauliza mashahidi chini ya mwembe, na mmoja wao, wa upande wa shemeji, ndiye aliyeshika kamba ya kupimia.

Hukumu ilitoka mwanzoni mwa mwaka 2023. Mama hakupata shamba lote. Jaji alisema kwamba sehemu ya chini, karibu na mto, ilinunuliwa kweli na mama na marehemu mume wake, na sehemu ya juu ilikuwa ya ukoo tangu zamani. Mama alikasirika, alisema sehemu ya juu ndiyo yenye mihogo mizuri. Tulimweleza kwamba ana siku 30 za kukata rufaa, kuanzia siku atakapopewa hukumu rasmi, na kwamba rufaa inakwenda mjini, na itachukua muda. Alifikiri kwa wiki mbili. Shemeji naye alikuwa anafikiri. Tulisikia kwamba alikuwa amemtafuta avoka.

Hakuna aliyekata rufaa. Mwezi wa Oktoba nilipita huko nikiwa njiani kwenda kazi nyingine. Kwenye mpaka uliopimwa kwa kamba walikuwa wamepanda mistari miwili ya mkonge, mmoja kila upande, kwa sababu hawakukubaliana nani apande. Mama alinipa mahindi ya kuchoma na kuniuliza kama mfuko wake wa plastiki bado uko kwetu. Uko. Nilimwambia tunautumia kuwafundisha watu kuhesabu.